Kusali kwa Lugha Usiyoijua: Kutoka Om Hadi Kirie ya Umatengo

Kuna lawama moja nimeisikia tangu nikiwa mdogo kule Mbinga, na bado naisikia: kwamba wazee wetu walikuwa wanasali kama kasuku. Wanaoisema mara nyingi ni vijana waliookoka, ila hata Wakatoliki wenyewe huisema, tena kwa kucheka. Yaani bibi kizee wa Umatengo, hajaona darasa zaidi ya lile la katekista, anaimba Kirie, Gloria, Kredo na Salve Regina kwa Kilatini mwanzo mpaka mwisho, na ukimuuliza maana yake anakwambia, "Ni sala." Basi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Rozari alisali kwa Kiswahili kama watu wengine, lakini akiwa peke yake shambani kwenye ngolo, au akichambua kahawa uani, aliimba Kilatini. Binamu yangu mmoja alimchokoza siku moja: "Bibi, kwani Mungu hajui Kiswahili?" Bibi akamjibu bila kuinua kichwa: "Anajua, mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyefundishwa hivi."

Nimelibeba jibu hilo miaka mingi. Nilipoanza kusoma habari za nyimbo na maneno matakatifu ya Wahindu na Wabudha, nilikuta wenzetu wamebishana juu ya swali hilohilo kwa zaidi ya miaka 2,000: je, sala inafanya kazi kwa sababu anayeisali anaielewa, au kwa sababu ameipokea na kuitamka ipasavyo? Nitazunguka mbali kidogo, msomaji, kabla ya kurudi Ziwa Nyasa. Naomba uvumilivu.

Tuanze na Om. Wengi tumeiona alama yake hata kama hatukujua jina: ile inayofanana na tarakimu 3 yenye mkia, na nukta juu, imewekwa mlangoni au juu ya droo ya fedha kwenye duka la Mhindu. Ni silabi moja. Hutangulia usomaji wa Veda, hufungua sala, na mara nyingi huifunga pia. Haina tafsiri kama neno "meza" lilivyo na tafsiri. Lakini Wahindu hawakusema kwamba kwa hiyo haina maana. Mandukya, mojawapo ya Upanishadi, ina aya 12 tu, na zote zinazungumzia silabi hii. Inaivunja katika sauti tatu, a, u na m, kwa kuwa katika Kisanskriti a na u zikikutana huwa o. A ni hali ya kuwa macho. U ni ndoto. M ni usingizi mzito usio na ndoto. Halafu ipo hali ya nne ambayo haina herufi, nayo inalingana na ukimya unaobaki baada ya m kufifia. Hiyo ya nne ndiyo hasa inayotafutwa.

Itamke taratibu uone. Mdomo unaanza wazi, unajikunja, unafunga, sauti inahamia puani, kisha kimya. Mwili wenyewe unapita njia ambayo aya zile zinaieleza. Sisi tuliosomeshwa shuleni tumezoea kwamba maana ya neno inakaa kwenye kamusi. Hapa maana inakaa katika namna mdomo unavyofunga, na huwezi kumfafanulia mtu mpaka yeye mwenyewe afumbe wake.

Usidhani kwamba wote walikubaliana. Katika Nirukta, kitabu cha kale sana cha Yaska kinachofafanua maneno magumu ya Veda, anatajwa mtu aitwaye Kautsa aliyesema waziwazi kwamba mantra hazina maana. Hoja zake si za kitoto. Alisema maneno ya mantra hayabadilishiki wala mpangilio wake haugeuzwi, wakati lugha ya kawaida hukuruhusu kuligeuza jambo moja ukalisema kwa njia kumi. Alisema baadhi ya mantra zinajipinga zenyewe, na nyingine zina maneno ambayo hakuna anayeyajua tena. Yaska alimjibu hoja kwa hoja, na kwa ukali: mtu asipoelewa, lawama ni yake, neno halina kosa. Kinachonishangaza ni kwamba Kautsa hakuwa mpinzani wa nje. Hoja yake imehifadhiwa ndani ya mapokeo yaleyale ya wanaozisoma mantra kila siku. Huko kwao ilikuwa inawezekana kabisa kusema "hizi hazina maana" na kesho yake asubuhi ukazisoma kwa uangalifu uleule.

Karne iliyopita hoja ya Kautsa ilipata mtetezi mpya, Frits Staal, mwanafalsafa Mholanzi. Mwaka 1975 alikuwa Kerala, kusini mwa India, pamoja na wenzake wakirekodi ibada ya moto ya Agnichayana iliyochukua siku 12. Aliona makuhani wanajali kitu kimoja tu: kwamba kila sauti imekaa mahali pake. Baadaye akaandika kwamba ibada na mantra ni kanuni zisizo na maana, na akazifananisha na nyimbo za ndege. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana nilimkumbuka yule kasuku wa Mbinga. Lakini Staal hakukusudia tusi. Ndege anayeimba haigi mtu. Wimbo ni wake, una mpangilio wake, amerithi sehemu yake na sehemu amejifunza kwa wakubwa wake. Kasuku anaiga sauti ya mwingine bila kuwa mmoja wa hao anaowaiga. Tofauti hiyo ni kubwa, na sisi huwa tunairuka.

Mimi siendi na Staal mpaka mwisho. Nadhani alitazama makuhani akiwa kazini na akasahau kwamba hao makuhani pia wana nyumba, wagonjwa na misiba. Ila amenisaidia kuona jambo moja, kwamba kutunza sauti ni elimu. Wasomaji wa Veda hawakutegemea karatasi. Walitunga njia za kukariri ambazo zinamchosha hata msikilizaji: aya inasomwa nzima, kisha neno moja moja, kisha mawili mawili kwa kuunganisha, na ngazi ya juu kabisa maneno yanakwenda mbele, yanarudi nyuma, yanakwenda tena, ili kosa likiingia lijulikane papo hapo. UNESCO iliutangaza usomaji huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003. Aliyezoea chuo cha Kurani pwani yetu hatashangaa sana. Mtoto wa miaka tisa anahifadhi juzuu nzima kwa Kiarabu asichokizungumza nyumbani, na mwalimu anamrudisha nyuma kwa ajili ya herufi moja iliyotoka kooni badala ya ulimini. Hatujamwita yule mtoto kasuku. Tunamchinjia mbuzi akihitimu.

Na sauti ikikosewa? Katika mapokeo ya Veda kipo kisa cha Tvashtri, ambaye mwanawe aliuawa na mungu Indra. Kwa uchungu akafanya kafara ili azaliwe atakayemuua Indra. Neno alilotakiwa kulitamka ni indrashatru, na lina njia mbili za kueleweka: muuaji wa Indra, au yule ambaye Indra ndiye muuaji wake. Kinachotofautisha ni mahali toni inapopanda tu. Tvashtri akakosea toni. Alizaliwa Vritra, akawa mkubwa wa kutisha, na Indra akamuua vilevile kama neno lilivyotamkwa. Sisi tunaosema Kiswahili tuna mfano wetu mdogo, barabara ya kupita na mambo kuwa barabara, ambapo mkazo peke yake unabadilisha neno. Mtu anayezungumza Kimatengo, ambayo ni lugha ya toni hasa, ataielewa hofu ya kisa hicho haraka zaidi. Kumbuka jambo hili la toni. Nitalirudia tukifika Peramiho.

Kwa Wabudha mambo yanachukua mwelekeo mwingine. Mantra yao inayojulikana zaidi duniani ni Om mani padme hum, silabi sita, inayomwita Avalokiteshvara, bodhisattva wa huruma. Inapatikana katika sutra ya Karandavyuha, iliyoandikwa India kwa Kisanskriti, na ikapanda milima mpaka Tibeti. Huko imechongwa kwenye mawe ya njiani, imeandikwa kwenye vitambaa vinavyopepea, imejazwa ndani ya magurudumu ya sala ambayo mtu huyazungusha kwa mkono akitembea. Mani ni johari. Padma ni yungiyungi, lile ua linaloota kwenye maji yaliyotuama. Wazungu waliifasiri zamani kuwa "johari ndani ya yungiyungi" na wakajenga juu yake falsafa nyingi, wakati wataalamu wengi wa Kisanskriti wanasema manipadme yaelekea ni namna ya kuita, kama mtu anavyoitwa kwa jina. Yaani huenda ni mwito tu: ewe mwenye johari na yungiyungi. Watibeti wa kawaida hawakuungoja mjadala huo. Wao hufundishana kwamba kila silabi inaelekea mojawapo ya ngazi sita za kuzaliwa upya, toka miungu na binadamu mpaka wanyama, mizuka yenye njaa na walio motoni, ili huruma isimruke yeyote. Na wanaitamka kwa mdomo wao wa Kitibeti: Om mani peme hung.

Kwa nini hawakuitafsiri? Watibeti walitafsiri maelfu ya kurasa kutoka Kisanskriti kwa umakini mkubwa. Walijua kutafsiri. Mantra waliiacha makusudi. Wachina vilevile. Xuanzang, mtawa aliyekwenda India kwa miguu na kurudi Chang'an mwaka 645 na shehena ya vitabu, ndiye anayehusishwa na kanuni tano za mambo ambayo mfasiri asiyafasiri. La kwanza ni maneno ya siri, kama mantra. La pili ni neno lenye maana nyingi kwa pamoja, ambalo ukilifasiri unachagua moja na kuziua nyingine. La tatu ni kitu kisichokuwepo nchini kwako, na mfano ni mti wa jambu, ndugu wa mzambarau wetu. La nne ni neno ambalo waliotangulia walikwisha kuliacha hivyo. La tano ni neno ambalo likibaki geni linaleta heshima, na likifasiriwa linakuwa jepesi. Sijui mfasiri yeyote wa Kiswahili ambaye hajagongana na angalau matatu kati ya hayo.

Mwafrika mmoja alikuwa ameligusa jambo hilo karne mbili kabla ya Xuanzang: Augustino wa Hippo, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Kwenye kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo anaeleza kwamba Amina na Aleluya zingeweza kufasiriwa, lakini ziliachwa katika Kiebrania kwa ajili ya utakatifu wake, na kwamba Hosana ni mlio wa moyo zaidi kuliko neno, kama tunavyosema "lo!" au "ole!". Wakristo wetu wote, wa kila dhehebu, hutamka maneno hayo matatu kila Jumapili na hakuna anayejiona kasuku.

Sasa tushuke nyumbani. Kutoka Mbinga mjini unapita vilima vya Umatengo, vile vyenye mashimo ya ngolo kama sega la nyuki, halafu barabara inaanza kuteremka, masikio yanaziba, joto linapanda, na ghafla ziwa liko chini yako, maji yake mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbamba Bay iko pale. Ufuate mwambao uende kaskazini utafika Liuli, na mbele zaidi Lituhi. Leo mwambao ni wilaya ya Nyasa, lakini zamani kote huku kulikuwa Mbinga. Katika kipande hiki cha nchi, ambacho mtu anaweza kukivuka kwa siku moja, swali la Kautsa na Yaska lilipata majibu mawili tofauti.

Juu milimani walifika Wabenediktini Wajerumani wa Mtakatifu Otilia. Peramiho ilianzishwa 1898 na Padre Cassian Spiss, na Kigonsera, njiani kuja Mbinga, mwaka uliofuata. Wabenediktini ni watawa ambao kazi yao ya kwanza ni kuimba zaburi kwaya nzima, saa kwa saa, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa Kilatini kwa nyimbo za Kigregori. Waumini walifundishwa katekisimu na sala za nyumbani kwa Kiswahili, lakini Misa ilikuwa ya Kilatini, na watu waliifundishwa kwa sikio. Katekista anaimba, watoto wanaitikia, mara ishirini, mara hamsini. Ndivyo ilivyopandwa ndani ya bibi yangu. Kwa kweli kanuni ya Mtakatifu Benedikto inadai kwamba akili ya anayeimba ikubaliane na sauti yake, kwa hiyo watawa wale kinadharia walikuwa upande wa Yaska. Kwa matendo waliwafundisha Wamatengo kwa njia ya makuhani wa Kerala.

Chini ziwani walikuja Waanglikana wa UMCA, nao wakajibu kinyume. Mtu wa kukumbukwa ni William Percival Johnson, aliyefika Zanzibar mwaka 1876 na kuishi ziwani mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928, akiwa ameharibika macho kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa kutembea kijiji kwa kijiji na wa kuandika. Biblia ya Kinyanja cha Likoma, ambayo ni kazi yake, ilitoka mwaka 1912. Kanisa la UMCA lilikuwa na uvumba, mishumaa na mavazi kama ya Wakatoliki, ila sala zake zilikuwa katika lugha ya watu wa pwani ya ziwa. Meli ya misheni iliyoitwa Chauncy Maples, kwa jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895, ilitembeza walimu na vitabu kutoka bandari moja hadi nyingine. Kaburi la Johnson liko Liuli, na watu huhiji pale.

Nikifikiria ile meli nakumbuka hadithi ya Tolstoy ya 1886 juu ya wazee watatu wa kisiwani. Askofu anapita na meli, anasikia wapo wacha Mungu wasiojua hata kusali vizuri, anateremka kuwafundisha Baba Yetu siku nzima. Usiku, meli ikiwa imeng'oa nanga, anaona kitu kinakuja nyuma kwenye mwanga wa mwezi: ni wale wazee wanakimbia juu ya maji, wamesahau sala, wanaomba wafundishwe tena. Wabudha wa Tibeti husimulia kisa kinachofanana nacho, cha mtu mnyonge anayekosea mantra yake na msomi anayemsahihisha. Kisa hiki ni kinyume kabisa cha kile cha Tvashtri. Pale toni moja ilileta kifo, hapa makosa matupu yanatembea juu ya maji. Mapokeo haya yamevibeba visa vyote viwili, na sijaona ajabu, kwa sababu mwalimu anahitaji cha kwanza na mwanafunzi anahitaji cha pili.

Kuna sauti nyingine takatifu ambayo haikutoka kwa mmisionari yeyote, nayo nchi ya Songea haiwezi kuisahau. Mwaka 1905 maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yalifika mpaka kwa Wangoni, na pamoja na maji likaja neno lenyewe, wapiganaji wakilirudia wakienda mbele ya bunduki: maji, maji. Wabudha wa mapokeo ya Kipali wana visomo wanavyoviita paritta, na neno hilo maana yake ni kinga. Vinasomwa kwa mgonjwa, kwa mama mjamzito, kwa nyumba mpya. Nimewahi kukaa nyuma kabisa kwenye hekalu la Wabudha la Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon kuja kufanya kazi Tanganyika, nikasikiliza mtawa akisoma kisomo kwa sauti moja ndefu isiyopanda wala kushuka sana, nami nikawaza juu ya maji. Haja ya kufunikwa na sauti ni ileile. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu tarehe 27 Februari 1906 watu 67 walinyongwa Songea, na misheni ya Peramiho nayo ilikwisha kuchomwa moto katika vita hivyo. Neno maji lilieleweka na kila aliyelitamka. Kuelewa neno peke yake hakukumlinda mtu.

Miaka karibu 60 baadaye likaja badiliko ambalo vijana wa leo wanadhani lilikuwepo siku zote. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia, ukaifungulia mlango lugha ya watu. Watu husema Mtaguso ulifuta Kilatini. Haukufuta. Hati ileile inasema Kilatini kitunzwe, nyimbo za Kigregori zipewe nafasi ya kwanza, na muziki wa mataifa ya misheni upewe heshima yake. Kilichofuata kwenye parokia ni kwamba sehemu ya Kiswahili ilichukuliwa kwa mikono miwili na sehemu ya Kilatini ikaachwa ijifie.

Mwaka huohuo, 1963, padre mwanamuziki kutoka upande wetu, Stephen Mbunga, alichapisha Uswisi kitabu chake cha Kiingereza juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Yeye ndiye mtunzi wa Misa Baba Yetu, na jina lake haliwezi kutenganishwa na Peramiho. Hoja iliyokuwa mezani kwa watunzi wa kizazi chake ndiyo ileile ya Tvashtri: ukichukua tuni ya Kijerumani ukaivika maneno ya Kibantu, unavunja maneno. Tuni inapanda pale lugha inaposhuka, mkazo wa "mkombozi" unaangukia silabi ya mwisho kama mtu aliyejikwaa, na kwa lugha zenye toni unaweza kuimba neno ambalo hukulikusudia. Dawa ni kutunga upya kutoka ndani ya lugha, kwa kiongozi na kiitikio, kwa mwendo wa ngoma za nyumbani. Namheshimu Mbunga sana. Bila watu kama yeye tungekuwa tunaimba Kiswahili kilichovunjika mpaka leo, na kusema kweli bado tunakiimba mara nyingine.

Lakini zingatia jambo hili. Kilatini cha bibi hakikuwa na tatizo hilo. Kwake kilikuwa sauti tu, hakikuwa na toni ya kuvunjwa. Tuni na neno vilikuja vimeshikana kama Om ilivyoshikana na mdomo. Tena hicho alichokiita Kilatini, Kirie eleison, ni Kigiriki. Warumi wenyewe walikiacha bila kukifasiri, kama Watibeti walivyoiacha Om. Mnyororo ni mrefu: Mgiriki kampa Mrumi, Mrumi kampa Mjerumani, Mjerumani kampa Mmatengo, na kila mmoja kaambiwa usiguse. Aliyekuja kucheka ni wa mwisho mstarini.

Mwaka juzi nilianza kuwarekodi wazee kwa simu, Mbinga na vijiji vya njia ya ziwani. Wengi wako juu ya miaka 80. Nimepata wanne tu walioweza kuimba Misa de Angelis yote bila kitabu. Wawili wamekwisha kutangulia. Kwenye rekodi unasikia vizuri kwamba Kigiriki kimepata vokali ya nyumbani, "Kirie eleisoni", kama padme ilivyogeuka peme. Unasikia pia kwamba hawajapoteza hata noti moja ya ile mizunguko mirefu. Nililinganisha na kitabu cha noti.

Mzee mmoja, katekista mstaafu, nilimpa shikamoo yake, tukanywa chai, nikamuuliza kama waliwahi kufundishwa maana. Akasema padre aliwaambia mara moja, Bwana utuhurumie, na kwamba walikwisha kuijua kabla hajasema. Nikauliza waliijuaje. Akaniuliza mimi ni kwa nini Kirie ya tisa, ile ya mwisho, ni ndefu kuliko nyingine zote. Sikuwa na jibu. "Mgeni humsindikizi mpaka mlangoni tu," akasema. "Unatoka naye, mnaongea, mnafika njia panda, bado mnaongea. Ile ya mwisho ni hapo." Tuliirekodi hiyo ya tisa mara mbili, maana mara ya kwanza bodaboda ilipita.